Mama hasomi Kiingereza. Je, katiba ya North Carolina inamzuia kupiga kura?

Swali

"Wakili, sisi tunaishi Greensboro, North Carolina. Tulitoka Uvira, Congo, tukakaa kambini Tanzania, tukafika hapa 2008. Mama yangu ana miaka 71. Mwaka jana alipata uraia. Kwa sababu ya umri wake na miaka aliyokaa na grini kadi, alisamehewa mtihani wa Kiingereza, akajibu maswali ya historia na serikali kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Biblia ya Kiswahili anaisoma polepole, lakini Kiingereza hakisomi wala hakiandiki. Alikuwa na hamu kubwa ya kupiga kura, mpaka kijana mmoja wa kanisani alipomwonyesha kwenye simu katiba ya jimbo. Imeandikwa wazi kwamba anayejiandikisha lazima aweze kusoma na kuandika kifungu chochote cha katiba kwa Kiingereza. Sasa mama anasema hataki kushtakiwa uzeeni. Tena pale kanisani inazunguka karatasi ya kutia saini ili kifungu hicho kifutwe. Kama hakifanyi kazi, cha nini kuhangaika kukifuta? Na kama kinafanya kazi, kwa nini walimpa uraia? Mimi nimwambie nini?"

Jibu

Mwambie mama akajiandikishe. Hatavunja sheria yoyote. Ni raia, ametimiza umri, anaishi kwenye jimbo: hakuna mtu mwenye mamlaka ya kumpa kitabu asome kabla ya kupewa kura yake, awe karani wa kaunti au afisa wa kituo. Nimeanza na hilo kwa sababu naona wasiwasi wake ndio unaokusumbua zaidi, na mtu aliyeishi ukimbizini miaka mingi ana sababu nzuri ya kuogopa karatasi za serikali.

Hata hivyo, kijana wa kanisani hakumdanganya. Kifungu kipo. Ni Ibara ya 6, sehemu ya 4 ya katiba ya North Carolina, na kinasema kwamba kila anayefika kujiandikisha lazima aweze kusoma na kuandika kifungu chochote cha Katiba kwa lugha ya Kiingereza. Hakuna maelezo pembeni yanayosema kimesitishwa. Mtu anayeisoma katiba hiyo kwa mara ya kwanza, bila mwanasheria karibu, ataamini kuwa ndiyo sheria ya leo. Mama yako ni raia mzee aliyekuwa tayari kwenda kituoni, akaonyeshwa mstari mmoja, akabaki nyumbani. Nitarudi kwenye jambo hilo, maana ndilo linalojibu swali lako la pili.

Kinachokizima kifungu hiki ni sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 ilisitisha mitihani ya kusoma na kuandika katika majimbo na kaunti zilizokuwa zimeitumia kuwazuia Weusi wasipige kura, zikiwemo kaunti karibu 40 kati ya 100 za North Carolina. Mwaka 1970 Bunge la Marekani likapanua katazo hilo nchi nzima kwa miaka mitano, na Mahakama Kuu ikalikubali mwaka huo huo katika kesi ya Oregon dhidi ya Mitchell. Mwaka 1975 likafanywa la kudumu. Linahusu kila uchaguzi, wa shirikisho, wa jimbo na wa mji. Katiba ya Marekani inasema sheria halali ya shirikisho ikigongana na katiba ya jimbo, ya shirikisho ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo maneno yale yamebaki kwenye kitabu, ila hakuna karani anayeweza kuyatumia.

Na ule msamaha wa Kiingereza aliopewa wakati wa uraia hauna mkia. Aliyetimiza miaka 55 akiwa na miaka 15 ya grini kadi, au miaka 50 akiwa na miaka 20, hufanya mahojiano kwa lugha yake, na uraia anaoupata ni ule ule wa mtu mwingine yeyote. Hakuna uraia wa nusu unaokuja bila kura. Nimewasikia wazee wengi wakiambiwa na majirani kwamba "wewe ulisamehewa, basi kura si yako." Si kweli hata kidogo.

Sasa tuingie kituoni, kwa sababu najua swali litakalofuata ni: atapigaje kura asiyoweza kuisoma? Kule Congo karatasi ya kura ina picha za wagombea. Hapa hakuna picha wala alama, ni majina na vyama kwa maandishi madogo, na nyuma mara nyingi kuna majaji na wajumbe wa bodi ya shule ambao hata wenyeji hawawafahamu. Usitegemee kukuta karatasi ya Kiswahili. Sheria ya shirikisho inayolazimisha kura kutafsiriwa inataja Kihispania, lugha za Waasia, na za wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska. Lugha za Afrika hazimo. Naona hilo ni pengo, na natamani lizibwe, lakini kwa sasa ndivyo lilivyo.

Kinachomsaidia mama ni kipengele kilichoongezwa kwenye Sheria ya Haki za Kupiga Kura mwaka 1982. Mpiga kura asiyeona, mwenye ulemavu, au asiyeweza kusoma au kuandika ana haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe. Wasioruhusiwa ni mwajiri wake au wakala wa mwajiri, na kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Wewe mwanawe unafaa kabisa. Mnafika mezani, yeye mwenyewe anataja jina na anwani yake (mfanyishe mazoezi ya kuitamka anwani kwa Kiingereza, itamwondolea hofu), anaonyesha kitambulisho chenye picha, kisha anasema anataka usaidizi wako. Kama hilo ni gumu kwake kulisema kwa Kiingereza, msemee, naye aitikie. Mnaingia kwenye kibanda pamoja. Unamsomea kila nafasi, jina kwa jina, kwa Kiswahili, naye anakuonyesha au anaweka wino mwenyewe kwenye kiduara. Huruhusiwi kumshawishi, kuandika popote alichochagua, wala kumwambia mtu baadaye. Mkimaliza, karatasi inaingizwa kwenye mashine.

Kuhusu kitambulisho: North Carolina inadai chenye picha tangu 2023. Kama hana cha jimbo wala pasipoti ya Marekani, bodi ya uchaguzi ya kaunti humtengenezea bure. Na kujiandikisha kunafungwa siku 25 kabla ya uchaguzi, ingawa akichelewa anaweza kujiandikisha na kupiga kura siku hiyo hiyo katika kipindi cha kura za mapema. Fomu unaweza kumjazia wewe, lakini saini iwe yake.

Nikija kwenye swali lako la pili, lazima nikupeleke nyuma kidogo, kwa sababu kifungu hiki hakikuandikwa na watu waliokuwa wanapenda elimu.

Miaka ya 1890 North Carolina ilikuwa na muungano wa wakulima maskini Weupe na wapiga kura Weusi. Walikishinda chama cha Democratic cha wakati ule, wakaliongoza jimbo, na Weusi wakachaguliwa kwenye nafasi nyingi. Mmoja wao, George Henry White, alikuwa Bungeni Washington. Majibu yalikuja kwa bunduki. Tarehe 10 Novemba 1898, mjini Wilmington, kundi la Weupe wenye silaha lilichoma gazeti la Weusi, likaua watu, na kuwalazimisha viongozi wa mji waliochaguliwa kujiuzulu. Miaka miwili baadaye, Agosti 1900, jimbo likapitisha marekebisho ya katiba: kodi ya kura, yaani ya kulipwa kabla mtu hajapiga kura, na sharti la kusoma na kuandika.

Lakini wakulima Weupe wasiojua kusoma walikuwa wengi nao, na waandishi wa marekebisho hayo walihitaji kura zao. Kwa hiyo wakaweka mlango wa pembeni: mwanamume ambaye yeye au babu yake alikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1867 au kabla ya hapo hatafanya mtihani, mradi ajiandikishe kabla ya Desemba 1908. Angalia tarehe hiyo vizuri. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo wa 1867, sheria ya shirikisho ndiyo iliyowafungulia Weusi wa Kusini njia ya kupiga kura. Anayechagua Januari mosi anajua anachokifanya. Waliolengwa hawakuhitaji kutajwa kwa rangi.

Na mtihani wenyewe ulifanyika hivi: karani mmoja, kwa kawaida Mweupe, anakaa na mtu mmoja, anachagua kifungu anachotaka, anakusikiliza unavyosoma, anaangalia unavyoandika, kisha anaamua kama ameridhika. Hakukuwa na msahihishaji wa pili. Mwalimu Mweusi angeweza kuambiwa amekosea tamko la neno moja. George Henry White aliondoka Bungeni mwaka 1901, na North Carolina haikupeleka mbunge mwingine Mweusi Washington mpaka uchaguzi wa 1992.

Sisi wa Afrika Mashariki mantiki hii si ngeni kwetu. Uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959 ulimtaka mpiga kura awe amefika darasa la nane, au awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe na cheo kinachotambuliwa. Serikali iliyowajengea Waafrika shule chache ndiyo iliyowauliza cheti cha shule. Wakoloni waliita hilo busara.

Hoja hiyo hiyo, ya serikali kukunyima shule kisha kukudai usomi, ndiyo iliyokubaliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1969 katika kesi ya Kaunti ya Gaston, ambayo nayo iko North Carolina. Kaunti ilitaka kurudisha mtihani, ikisema itaufanya kwa haki. Mahakama ikasema hata ukifanywa kwa haki, watakaoanguka ni wale waliosomeshwa kwenye shule duni za ubaguzi, na walioziendesha shule hizo ni kaunti na jimbo wenyewe.

Hapa sasa ndipo penye fundo, nami nakuomba usome taratibu. Mahakama Kuu haijawahi kutamka kwamba mtihani wa kusoma, peke yake, unavunja Katiba ya Marekani. Iliulizwa swali hilo moja kwa moja mwaka 1959, na kesi ilitoka hapo hapo North Carolina: Louise Lassiter, mwanamke Mweusi wa Kaunti ya Northampton, alikataa kufanya mtihani na akanyimwa kujiandikisha. Majaji wote walikubaliana kwamba jimbo lina ruhusa ya kudai usomi. Jaji William O. Douglas, aliyeandika uamuzi, alikiri kwamba kujua kusoma na kuwa na akili si kitu kimoja, na kwamba asiyesoma anaweza kuwa mpiga kura mwenye busara. Akaliachia jimbo sharti lake hata hivyo. Uamuzi huo haujafutwa hadi leo.

Kwa hiyo kinachomlinda mama yako dhidi ya Ibara ya 6 ni sheria iliyotungwa na Bunge, na kilichotungwa na Bunge kinaweza kutenguliwa na Bunge. Sheria ya shirikisho ni mfuniko tu juu ya chungu, na kilichomo ndani hakijamwagwa. Sisemi kuna mtu leo anayeunyanyua huo mfuniko. Mtu akikuambia kwamba mitihani inarudi mwaka ujao, anakutisha bure. Lakini tumeona sheria zilizolala zikiamka. Arizona ilikuwa na sheria ya utoaji mimba ya mwaka 1864 iliyokaa nusu karne bila nguvu kwa sababu ya uamuzi wa Mahakama Kuu. Uamuzi ulipotenguliwa mwaka 2022, sheria ile ilikuwa bado kitabuni, na Aprili 2024 mahakama ya juu ya Arizona ikasema inaweza kutekelezwa. Bunge la jimbo likalazimika kuifuta wiki chache baadaye. Uwe na msimamo wowote kuhusu utoaji mimba, somo la kisheria ni lile lile: kilichozimwa bila kufutwa hakijafa.

Labda umesikia pia kwamba Sheria ya Haki za Kupiga Kura "ilifutwa" mwaka 2013. Hapana. Katika kesi ya Kaunti ya Shelby, Mahakama Kuu iliangusha kanuni iliyoamua ni maeneo gani lazima yaombe kibali cha Washington kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi. Hilo ni pigo kubwa, sitalipunguza. Lakini katazo la mitihani ya kusoma limo kwenye kipengele kingine, nalo halikuguswa. Wala kipengele cha 1982 cha usaidizi kibandani hakikuguswa.

Je, ni sahihi basi kuhangaika kukifuta? Kwa maoni yangu ndiyo, na sababu yangu ya kwanza si ile ya mfuniko. Ni mama yako. Kifungu hakikuhitaji karani wala polisi kumzuia, kilihitaji simu ya kijana na dakika mbili. Ni wangapi waliosoma mstari huo wakanyamaza, hawakuwa na mtoto wa kuandika swali? Hilo ni dhara la leo, halisubiri Bunge wala mahakama.

Ila ujue ugumu wake. North Carolina haina utaratibu wa wananchi kukusanya saini na kupeleka jambo kwenye kura ya maoni. Karatasi ya kanisani haina nguvu ya kisheria. Ni barua tu ya kumsukuma mjumbe wa bunge la jimbo. Isainini, nzuri, lakini msidhani mmemaliza. Njia inayotumika ni bunge la jimbo kupitisha mswada kwa sehemu tatu kati ya tano za wajumbe wote, yaani wajumbe 72 kati ya 120 wa Baraza la Wawakilishi na maseneta 30 kati ya 50. Gavana hana kura ya turufu katika jambo hili. Kisha wananchi wanapiga kura, na wingi wa kawaida unatosha.

Hapo kwa wananchi ndipo palipoharibika mara ya kwanza. Novemba 1970 wapiga kura wa North Carolina waliletewa katiba mpya na marekebisho kadhaa kando yake. Katiba mpya wakaikubali. Pendekezo la kufuta sharti la kusoma wakalikataa. Ndiyo maana maneno yaliyozaliwa 1900 yameingia kwenye katiba iliyoanza kutumika 1971, na ndiyo maana wanaosema ni sahau ya makarani wa zamani wanakosea. Watu waliulizwa, wakajibu. Tangu hapo miswada ya kulifuta imeletwa tena zaidi ya mara moja, na wanasiasa wa pande zote mbili wamewahi kuiunga mkono, lakini wengi wanaogopa kulipeleka tena na kushindwa hadharani. Hofu hiyo si ya bure. Alabama ilijaribu mwaka 2004 kuondoa maneno ya ubaguzi wa shule na kodi ya kura kwenye katiba yake, ikashindwa kwa kura chache sana. Ikajaribu tena 2012, ikashindwa. Ilifanikiwa 2022 tu, baada ya maneno hayo kukusanywa na kuondolewa kwa mkupuo mmoja.

Hivyo kuna hoja ya kungoja mpaka watu waelimishwe vya kutosha, na naiheshimu. Kushindwa mara ya pili kungewapa nguvu wale wanaotaka kusema wananchi bado wanalipenda sharti hilo. Lakini kungoja kimya kimya hakuelimishi mtu. Mkiwa kanisani na mnataka kufanya jambo lenye uzito kuliko saini, mwalikeni mjumbe wenu wa jimbo siku ya ibada, mama asimame aeleze alichoonyeshwa kwenye simu na alichokifanya baadaye. Ni ushahidi ambao wakili hawezi kuutoa.

Sasa, mambo ambayo hayamalizwi kwa kuandikiana. Kama mama amekataliwa kituoni, au wewe umezuiwa kuingia naye kibandani, msiondoke. Ombeni msimamizi mkuu wa kituo. Ikishindikana, aombe kura ya muda, ile inayowekwa kando mpaka haki yake ithibitishwe, kisha siku hiyo hiyo mpigie simu bodi ya uchaguzi ya kaunti. Kama hawezi kabisa kutia saini kwa sababu ya mkono au macho, nendeni ofisini kwa bodi mapema, msisubiri siku ya kura.

Na jambo zito kuliko yote, hasa kama nyumbani mna watu wenye hali tofauti za uhamiaji. Mwenye grini kadi hapigi kura na hajiandikishi, hata karani wa leseni ya udereva akimuuliza kwa haraka na yeye akaitikia tu. Kujiandikisha kwa kudai uraia usio nao kunaweza kumfukuzisha mtu nchini, hata kama hakuelewa alichosaini. Ikiwa mama, kabla ya kuapa mwaka jana, aliwahi kutia saini fomu yoyote ya uchaguzi, au kuna ndugu aliyefanya hivyo akiwa hajawa raia, asiende kwanza bodi ya uchaguzi wala asiandike barua ya kujieleza. Aonane ana kwa ana na wakili wa uhamiaji mwenye leseni, akiwa na karatasi zake zote mkononi, na mkalimani asiye mtoto wake.